Mikebe Iliyobonyea

Jumatatu moja ya Machi, mwaka juzi, nilipoteza mwanamume ambaye nilikuwa bado sijamjibu.

Tulikuwa vibarua katika kiwanda cha maharagwe ya mkebe. Yeye alifunga vifuniko. Mimi nilikaa mwisho wa mkanda, nikitoa mikebe iliyobonyea. Kwa zile kofia za wavu na barakoa, sote tulifanana kama mayai kwenye trei. Kwa hiyo kila asubuhi aligonga mkebe mmoja kwa spana, akauachilia unifikie. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake.

"Wee, barua yako imefika," mama tuliyekaa naye meza moja alikuwa akiniambia. "Huyu atafilisi kampuni kabla hujamkubali!"

Jioni alinisindikiza kwa miguu hadi kwangu Silanga, ndipo aende kwake Gatina, mtaa wa mbali na hapo, akiapa kwamba hiyo ni njia ya mkato.

Wakubwa hawakucheka. Msimamizi aliitisha mkutano juu ya mikebe, kisha akaleta mtaalamu aliyevaa tai. Mtaalamu aliipima mashine siku mbili, akaikuta na hatia ya kutetemeka, mashine ambayo haijawahi kumpenda mtu. Akaagiza iwekewe mpira chini.

Ijumaa hiyo, akinisindikiza, mfunga vifuniko wangu aliniuliza kama nitakubali anioe.

"Ukikubali, naacha kuharibu mikebe."

"Na ukiacha, nitajuaje umefika kazini?"

"Si tutakuwa tumetoka nyumba moja, mrembo?"

Nilicheka, nikamwambia nitamjibu Jumatatu. Jibu nilikuwa nalo tayari, nalo lilikuwa ndiyo. Nilitaka tu ahangaike wikendi moja.

Jumamosi kifua kilimshika. Jumapili akafa. Jumatatu asubuhi jirani yake alinipa habari langoni. Niliingia kazini hivyo hivyo, maana kibarua akikosa siku moja, kesho yake hukuta mtu mwingine kwenye kiti chake.

Saa sita msimamizi alisimamisha mkanda.

"Leo hakuna hata mkebe mmoja uliobonyea! Mashine imepona!"

Tukaletewa soda. Watu walipiga makofi. Mama wa meza yangu hakupiga. Mimi nilipiga.

Mkanda ulipoanza tena, nilichukua mkebe mmoja, nikaugonga kwenye kona ya meza, nikaurudisha kwenye mkanda. Ulisogea kidogo tu. Nikautoa, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyoandikiwa.