Jiwe lisilo na mwenyewe kwenye ramani yetu ya maji, Boito

Wakuu, hamjambo huko mliko. Mimi si mtu wa nyuzi ndefu, lakini hii imenikaa kifuani na nitaieleza vile ilivyotokea, bila kutia chumvi. Anayetaka kucheka acheke, ila asome mpaka mwisho.

Naishi Boito, hapa Bomet. Asili yetu ni kule ziwani. Baba alikuja kufanya kazi kiwanda cha chai, mimi nikazaliwa hapa. Kijiji chetu kimepakana na shamba la kampuni, yaani ukitoka chooni unaona majani chai mpaka macho yachoke.

Shida yetu ilikuwa maji. Tulingoja serikali, tukangoja wafadhili, mwisho tukajipanga wenyewe. Chairlady akawa Mama Chebet, Mkipsigis ambaye hata chifu humwamkia kwanza. Mimi nikapewa ukatibu kwa sababu nina simu nzuri. Msicheke.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuchora ramani chini, kwenye uwanja wa kanisa. Majivu ndiyo barabara, matawi ya chai ndiyo shamba la kampuni, na kila boma lilete jiwe lake na kuliweka pale linapokaa. Paipu ingefuata mawe. Pasipo na jiwe, hakuna maji. Tulikubaliana hivyo kwa kokwet, baraza letu la majirani.

Watu wakaweka. Halafu nikaona jiwe jeusi katikati ya matawi ya chai.

Nikauliza ni la nani. Kila mtu akaonyesha lake, si hilo.

Pale shambani kuna kambi ya zamani ya wachunaji. Ilifungwa mashine za kuchuna zilipokuja na watu wakaachishwa kazi. Tulijua hakuna anayeishi huko. Ila wakati wa ukungu watu husikia mtu akichuna chai kwa mkono, mahali ambapo mashine imeshapita. Mimi pia nimewahi kusikia. Niliongeza mwendo na sikugeuka.

Mzee Langat, jirani yangu, akaliokota lile jiwe, akalirusha nje ya uwanja.

Kesho yake tukarudi kumaliza. Mvua ilikuwa inanyesha, majivu yote yameenda na maji, mawe yamelowa. Lile jeusi lilikuwa limerudi pale pale.

Lilikuwa kavu.

Wakuu, niliogopa, sitaki kuwadanganya. Langat hakuligusa tena. Alisema tuendelee tu, mafundi wanaanza kuchimba kesho, mambo ya mashetani tuyaachie pasta.

Mama Chebet akavaa gumboots zake.

"Kama kuna jiwe, kuna mtu," akasema. "Twende tuone."

Tukaenda watatu. Langat alikuja kwa sababu hakutaka kuonekana mwoga. Ukungu ulikuwa mzito, na kando ya njia tukasikia ule mchuno, tap, tap, ukitembea sambamba na sisi.

Kambini milango yote ilikuwa imeng'olewa, isipokuwa mmoja. Kabla hatujabisha, sauti ikatoka ndani.

"Ingieni. Haijafungwa."

Alikuwa Mama Kerubo. Wote tulimjua, Mkisii aliyechuna chai hapa miaka mingi. Kambi ilipofungwa tulisema amerudi kwao. Hakuna aliyemsindikiza, hakuna aliyeuliza. Kumbe kwao shemeji zake walishagawana shamba la marehemu mume wake, akabaki hana pa kwenda. Alikuwa akijificha pale na kunywa maji ya mtaro unaotoka shambani. Sasa mguu umevimba, hawezi kusimama, na jerikeni iko tupu. Pale niliona aibu kuliko nilivyoona woga.

Langat ndiye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani.

Kokwet ilipokaa, mtu mmoja akauliza, "Huyo si wa hapa. Maji yetu atapewa kwa haki gani?"

Mama Chebet hata hakupandisha sauti. "Kwa haki ya mtu mwenye kiu. Na amechuna chai hapa kabla wewe hujaoa."

Langat akasimama, akatoa kona ya shamba lake ajengewe hapo. Mtaro wa paipu ukapindishwa. Leo Mama Kerubo ana nyumba ndogo, ana mfereji mlangoni, na hunidai sukari kila nikipita.

Siku moja nilimuuliza aliwezaje kufika uwanjani kuweka jiwe na ule mguu. Akanishangaa.

"Jiwe gani?"

Kijiji kizima kimeulizwa. Hakuna aliyeliweka.

Funzo langu ni hili: maendeleo tukiyapanga wenyewe ni kitu kizuri sana, lakini hata sisi wanyonge tuna watu tunaowaruka. Mtu hufutwa kirahisi, mnasema tu "alirudi kwao."

Leo asubuhi tumechora ramani mpya, safari hii ya nyaya za stima. Mama Kerubo ameweka jiwe lake mwenyewe, akacheka kama msichana. Halafu mvua ikaanza, tukakimbilia kwa kanisa. Tulipotoka, kulikuwa na jiwe kule chini karibu na mto, mahali tunaposema hakuna mtu.

Kavu kabisa.

Nyie huko kwenu mmemruka nani? Andikeni hapo chini, nitasoma jioni. Saa hii siwezi, Mama Chebet ananiita na ameshavaa gumboots.