Orodha ya Kabla Sijajifungua

Nakumbuka, mwanangu, Jumatatu niliyomfokea Owino, fundi wetu wa kompyuta kiwandani, mpaka wapima chai wakaacha mizani waje kutazama. Ulikuwa na miezi minne, mvua inanyesha Kericho, na meneja ameniambia oda za wanunuzi ninazopokea kwenye kompyuta zikikatika tena, narudi shambani kuchuma chai. Eti likizo ya uzazi imenisahaulisha kazi, na hayo akayaandika kwenye faili yangu.

Nilipotoka likizo nilikuta kompyuta yangu imehamishwa chumba na kupewa namba mpya. Unajua pale kiwandani tulikuwa na sanduku moja la posta, karani akiandika namba ya nyumba juu ya kila bahasha? Fayawoli, ule ulinzi wa mlangoni wa kompyuta, ilifanya vivyo hivyo: nje anwani moja, ndani namba nyingi. Sheria za kugawa oda kwa kila namba hazikuandikwa na mtu. Owino alibonyeza kitufe kila Jumatatu, programu ikasoma orodha yake ya kompyuta na namba zake, ikaziandika yenyewe.

Nikazisoma. Oda zangu zinatumwa kwa namba saba, na mimi niko kumi na mbili! Nikabadilisha kwa mkono. Mchana oda zikamiminika, sikumwambia mtu, nikajiona mjanja. Hapo ndipo nilipokosea. Jumatatu iliyofuata namba saba ikarudi. Nikabadilisha tena. Ikarudi tena. Ndiyo ile siku.

"Owino, nani anachezea hizi sheria?"

"Mama Chebet, programu haikosei. Labda ni kukosa usingizi kwa ajili ya mtoto."

"Usingizi? Orodha yako uliiandika lini?"

Akakuna kichwa. "Kabla hujaenda kujifungua."

"Basi programu yako bado inanitafuta namba saba, kwenye kiti nilichokalia nikiwa na mimba!"

Wapima chai walicheka mpaka Owino mwenyewe akacheka.

Sasa umeanza kazi, Chebet. Usikubali kurekebisha kimyakimya kila Jumatatu kitu ambacho kitaharibika tena. Nenda mpaka kwenye orodha inayozaa kosa, useme kwa maandishi, na jina lako chini. Mungu akupe macho ya kusoma na mdomo usioogopa. Barua iliyonibakisha ofisini nakuachia hii hapa:

"Kwa Meneja. Nalalamika rasmi kwamba nilihamishwa na orodha haikubadilishwa. Naomba Owino aandike kumi na mbili kwenye orodha yenyewe, abonyeze kitufe mbele yetu sote, na maneno kwamba nimesahau kazi yatolewe kwenye faili yangu. Sikusahau kazi. Nilienda kuzaa."