Mfuko wa Nahodha Uliohamia Kulia

Wiki iliyopita binti yangu alinipigia simu kutoka chuoni akaniuliza jambo ambalo watoto wa siku hizi hawamuulizi mama. Wenzake wa bwenini wanafuatilia mchezo mmoja wa televisheni wa angani, ule wa meli inayopeleka barua kati ya nyota na nyota. Mchezo wenyewe ulianza kabla mimi sijazaliwa na mpaka leo bado unatengenezwa. Naye anataka kuutazama, ila miaka ya mwanzo ni mingi mno, na kwenye mtandao kila mtu anasema lake. "Mama, nianzie wapi?"

"Anzia pale mfuko wa koti la nahodha ulipo upande wa kushoto," nikamwambia.

Akaniuliza kwa upole kama nilipata muda wa kupumzika siku hiyo.

Nilicheka peke yangu jikoni mpaka chai ikachemka ikamwagika. Simlaumu. Jibu lile si langu, ni la shangazi yangu, fundi cherehani wa mtaa wa Msamala ambaye hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, na kukueleza inabidi nikurudishe Songea, miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena.

Nililetwa Songea kutoka Nakapanya nikiingia darasa la tatu. Baba na mama walikuwa wameachana, mama akaolewa mbali, na baba yangu, mkulima wa korosho, aliweza kazi zote isipokuwa kumsuka nywele mtoto wa kike. Akafunga nguo zangu kwenye kanga, akanipandisha kwenye lori pamoja na gunia la korosho, tukafika kwa dada yake tukiwa wekundu kwa vumbi. "Mwaka mmoja tu, dada, nijipange," alisema. Shangazi alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, vile alivyotazama kitambaa cha mteja, akasema niingie nile.

Alikuwa mjane. Cherehani yake ya miguu ilikaa barazani, na hadi leo nikinusa mafuta ya cherehani pamoja na maharage yanayokaribia kuiva, napata njaa ya utoto. Kazi zangu zilikuwa kuokota pini sakafuni kwa sumaku, kutia mkaa kwenye pasi, na kuchambua mfuko wa vipande, khaki huku, vitenge kule. Asubuhi za mwezi wa saba, baridi ya Songea ikiwa haina mchezo, nilijikunyata kando ya ile pasi mpaka anifukuze. Alikuwa mkali. Mshono uliopinda aliufumua hata kama mwenye nguo hakuuona. "Mimi nauona," alisema, na mjadala ukaishia hapo.

Miaka ya uhaba, kitambaa kilipokuwa kitu cha kupangia foleni tangu alfajiri, mji mzima ulipita kwenye baraza ile na viraka vyake. Halafu biashara ikafunguliwa. Tukapata sabuni za kuchagua, sukari isiyo na foleni, na kila wiki sokoni yakafumuliwa marobota ya mitumba. Watu walifurahi, nami nilifurahi, maana nilipata viatu. Lakini baraza ikaanza kunyamaza. Nani apeleke kitambaa kushonwa shati wakati sokoni liko la Ulaya, na vifungo vyake vyote? Wateja wachache waliobaki walitaka mitumba yao ipunguzwe, na Shangazi aliwarudisha nayo mikononi. "Siweki sindano yangu kwenye kafa Ulaya," aliwaambia, maana mitumba tuliiita nguo za waliokufa kule. Kiburi cha fundi, wewe unakijua.

Siku moja nikisuuza vyombo nilimsikia akizungumza na mama jirani ng'ambo ya ua. "Mtoto huyu nampenda, lakini mwakani itabidi arudi kwa baba yake. Nitamlisha nini?" Sikulia. Nilianza kula kidogo, nikidhani nikipunguza tonge atasahau kwamba nakula. Shangazi aliona sahani zinarudi na chakula, akaninywesha dawa ya minyoo.

Mume wa mama jirani alikuwa bwana kilimo. Alipelekwa Ulaya kusoma, akarudi na televisheni, deki, na katoni yenye kanda za video ishirini na saba. Kule, alisema, kila Jumapili walikuwa wakirudia ule mchezo wa meli ya barua, leo kipindi cha miaka hii, kesho cha miaka ile, naye kwa upweke akawa anarekodi. Kila kanda aliiandikia namba yake baadaye, kwa utaratibu mzuri kabisa. Lakini katoni ilinyeshewa juu ya lori pale Makambako, na ilipofika Msamala karatasi za namba zilikuwa zimebanduka na kuwa uji.

Basi tukawa tunatazama ovyo. Jumapili alasiri, waliokwenda misa wakiwa wamesharudi na kula, umeme wa mgao ukiwa wa upande wetu, tulijazana kwenye mkeka wa bwana kilimo huku vikombe vya togwa vikizunguka. Majina ya wahusika hatukuyashika. Tuliwaita Nahodha, ambaye ndiye staringi, Fundi, msichana wa mitambo, na Kijani, ambaye alikuwa kijani. Zile za zamani kabisa hazikuwa na rangi, na meli yao ilining'inia kwa uzi tuliouona sote, lakini hakuna aliyejali. Kilichotuumiza ni kwamba wiki hii Nahodha ana kipara, wiki ijayo ana nywele tele. Kijani alikufa tukamlilia, Jumapili iliyofuata tukamkuta anakula. Tuligombana juu ya nini kilitangulia mpaka wengine wakaacha kusemeshana shuleni.

Mwalimu wetu wa Kiingereza, aliyepanga chumba kwa bwana kilimo, aliamua kutuokoa. Alikaa mbele na daftari, akasikiliza, akaandika, akatoa mpangilio. Kwa mpangilio wake Kijani alikufa mara tatu. Mwalimu akajitetea kwamba Kiingereza chao ni cha puani.

Shangazi hakuwa mtu wa video. Alikuja kuniita tu Jumapili moja, akasimama mlangoni akiendelea kutia vifungo kwenye shati la mtu, akasahau kuondoka. Jumapili iliyofuata alikuja tena, safari hii akakaa kwenye kigoda. Katikati ya picha akasema, bila kumlenga mtu, "Hii ni ya nyuma zaidi. Ile ya wiki iliyopita ilikuja miaka baadaye."

Mwalimu akageuka. "Umejuaje, Shangazi, na maneno yao huyasikii?"

"Lile koti la wiki iliyopita limegeuzwa."

Hatukuelewa, ikabidi aeleze. Koti likichakaa kwa nje na huna kitambaa kingine, fundi hulifumua lote, akaleta upande wa ndani nje, akalishona upya. Linatoka kama jipya. Ila mfuko wa kifuani, uliokuwa kushoto, sasa unakaa kulia, na vifungo vinafungwa upande mwingine. Makoti ya namna hiyo alikuwa amewageuzia nusu ya wanaume wa Songea miaka ya uhaba. Leo mfuko wa Nahodha ulikuwa kushoto. Wiki iliyopita ulikuwa kulia.

"Hapana, Shangazi," mwalimu akasema kwa heshima. "Ile kanda ndiyo iliyopindua picha, kama kwenye kioo."

"Wiki iliyopita alitia sahihi zile barua kwa mkono gani?"

Mtoto wa bwana kilimo akaitafuta kanda ile, akairudisha nyuma mpaka penye barua. Nahodha, mfuko kulia, akachukua kalamu kwa mkono wa kulia.

"Kingekuwa kioo angeandika kwa kushoto," Shangazi akasema. "Hilo koti limefumuliwa. Na koti hugeuzwa mara moja tu, kwa sababu ukishamaliza ndani hakuna ndani nyingine."

Mwalimu alifunga daftari. Alikuwa muungwana, na kuanzia siku hiyo alimwekea yeye kiti cha mbele.

Ndivyo Shangazi alivyozipanga zile kanda, Jumapili baada ya Jumapili. Alitazama kiraka cha kiwiko, akatazama ubavu ulipotanuliwa Nahodha alipoanza kunenepa, na alama ya mshono wa zamani iliyobaki haijapauka. Alifurahi, nakuambia, kugundua kwamba wale watu wa angani nao walikuwa na uhaba. Namba hakuandika. Kwenye kila kanda alibandika kipande cha khaki chenye mishono ya uzi mwekundu, mmoja kwa ya kwanza, miwili kwa ya pili, na kuendelea, midogo na iliyonyooka kama ya nguo ya mtoto mchanga. Kazi ya kuchagua vipande ilikuwa yangu. Sijawahi kujisikia mtu wa mahali kama nilivyojisikia nikichagua vile vipande.

Shule zilipokaribia kufungwa mwezi wa kumi na mbili, ilibaki kanda moja ambayo hakuna aliyekuwa ameiona. "Imebaki hiyo tu," Shangazi akasema akifunga uzi, "na mwaka nao ndio unaisha." Mimi nikaviunganisha viwili hivyo kichwani kwangu. Kanda ikiisha mwaka unaisha, mwaka ukiisha narudi Nakapanya. Siku mbili baadaye nikaiba ile kanda nikaizika kwenye mfuko wa vipande.

Wote walimshuku mwalimu, kwa sababu alikuwa msahaulifu. Maskini alipekua hadi chini ya kitanda chake. Shangazi aliipata mwenyewe alipokuwa akitafuta khaki, akaja kuiweka mezani kati ya ugali na dagaa.

"Unaogopa nini?" akaniuliza.

Nikamwambia yote, na yale niliyoyasikia uani. Hakunipiga. Alisema tu niende kumwomba mwalimu radhi. Nikaenda. Mwalimu akanipa matunda mawili ya porini, masuku mabivu, na kuniambia hata yeye alikuwa ameanza kuamini kwamba ndiye mwizi.

Kwenye kanda ile Nahodha hakuwepo tena. Fundi, yule msichana wa mitambo, ndiye aliyeongoza meli, naye alikuwa amevaa koti lile lile, limepunguzwa likamkaa sawasawa. Shangazi aliinuka akasogea mpaka kwenye kioo cha televisheni, tukawa hatuoni kitu. "Amepunguza kuanzia kwapani," alisema polepole. "Bega hajaligusa. Huyu ni fundi."

Kesho yake alikwenda sokoni, akarudi na gauni la bluu la mama mmoja mnene wa Ulaya, bado linanuka robota. Kafa Ulaya kamili. Alilifumua lote kwa wembe, akalifua, akalipiga pasi, kisha akaniita. "Simama wima." Akazungusha futi kiunoni kwangu, akaishusha hadi chini ya goti. Nilijua ananishonea nguo ya safari. Nilisimama wima kama alivyotaka na kujibana nisilie.

Baba akaja na gunia lake la korosho. Nilimpa shikamoo, nikapokea kofia yake, nikatoka kukaa barazani, mlango ukiwa wazi. Walijuliana hali kwa Kiyao, kisha baba akasema amekuja kumchukua mtoto kama barua ya Shangazi ilivyosema. Shangazi akachukua mezani sketi ya bluu aliyoishona kwa lile gauni, akamwekea mapajani.

"Sare yake ya mwakani," akasema.

Baba alikulia katika nguo zilizoshonwa na dada yake, akaigeuza kutazama kazi. Nilimwona kidole chake kikisimama kwenye pindo. Lilikuwa shibiri nzima, limekunjwa ndani na kushikizwa kwa mkono.

"Dada, mbona pindo kubwa hivi?"

"La mpaka darasa la saba."

Baba akaikunja vizuri kuliko nilivyowahi kumwona akikunja kitu, akaomba maji ya kutawadha.

Nguo ya kwanza ya mitumba ambayo Shangazi alimpunguzia mteja ilikuwa suruali ya mwalimu, na baada ya hapo baraza haikunyamaza tena. Mwaka uliofuata tulianza upya kutazama, kuanzia koti jipya, mshono mmoja, miwili, mitatu. Kijani alikufa mara moja tu, tukamlilia vizuri.

Sasa bwana kilimo na familia yake wameshahamia Mjimwema. Kanda zililiwa na ukungu, na deki za kuzichezea hazipo tena. Shangazi tulimzika Songea, na sijui kama yuko fundi mjini pale anayejua kugeuza koti, wala mtu wa kumpelekea. Sare za wanangu nilizinunua dukani zimeshashonwa, mapindo yake hayafiki upana wa kidole. Nashukuru nilikuwepo wakati ule, na nashukuru zaidi kwamba sikurudishwa.

Sketi ile iliteremshwa pindo mara tatu, na kila mara mkunjo wa zamani uliacha mstari uliokoza ambao haukutoka kwa kufua. Nikiwa darasa la saba wasichana walinicheka kwa ile mistari. Mimi nilikuwa nikikaa darasani naipitishia kidole chini ya dawati, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, na bado niko Msamala.