Kilio cha Sibwesa Hakikuingia Kwenye Mkanda

Mwanangu, umekuja na simu yako unataka nikufundishe kuandika hadithi za picha za video. Nitakufundisha. Ila kaa kwanza, nikusimulie siku moja ninayoikumbuka kuliko zote, maana kile ambacho kazi hii ilinipa siku ile, ilininyang'anya siku ile ile.

Ilikuwa miaka ya tisini, tukiwa bado Mkoa wa Rukwa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Mpanda, na jioni nikiwatungia vijana wa kanisani michezo ya kuigiza. Bwana mmoja wa Dar es Salaam, mtengenezaji wa picha za video, akautazama mmoja, akaniomba nimwandikie hadithi. Wiki ile nilivyokuwa natembea, ungedhani barabara ni ya baba yangu. Sikuwa namjua mwanamke mwingine aliyewahi kuandika picha, na ujana nao una maringo yake.

Hadithi ilikuwa ya mjane anayefukuzwa na ndugu wa mume. Moyo wa hadithi ulikuwa msiba, na msiba huo tulikwenda kuupiga picha kijijini Sibwesa. Mimi ndiye niliyewafundisha kina mama kulia. Hebu fikiria, sijazika hata kuku, nawafundisha wanawake wazima namna ya kulia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini mimi nilijiona nawajua hao kunguni mpaka kwa majina.

Kosa letu lilikuwa hili: hatukuwatangazia watu wa mbali. Kilio kilipopanda, watu wakaanza kuingia uani, huyu na kuni kichwani, yule na unga kwenye ungo, wanauliza nani katutoka. Kwetu ukisikia kilio hungoji kuitwa. Tukawaambia hapana msiba, ni picha. Wapo waliocheka, wapo waliosonya. Balozi wa nyumba kumi, mzee mpole siku zote, akanitazama. "Mwalimu, kilio siyo wimbo," akasema. "Watu wameacha mashamba. Sasa wakae kwa nani?"

Hapo akapita mbele Mama Masanja, mama mmoja wa Kisukuma, wa wale waliokuja na ng'ombe kutoka kaskazini. Mwanawe Masanja alifukiwa na shimo la dhahabu mwaka uliotangulia, na mwili haukupatikana. Mumewe akakataza msiba. Alisema kumlilia mtu ambaye hujaiona maiti yake ni kumwua kwa mdomo, na kijana atarudi. Basi yule mama alikaa mwaka mzima akimtengea marehemu chakula, na chozi hakuruhusiwa kulitoa mbele za watu. Akautua unga wake chini, akasema taratibu, "Kilio kimeshatoka, hakirudi mdomoni. Kama hakina mtu, mpeni mwanangu."

Akakaa chini. Kina mama wale wale niliowafundisha wakamzunguka, wakaanza upya. Papo hapo nikajua sikuwa nimewafundisha kitu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nami nililia mpaka nikashika ukuta.

Yule bwana wa Dar akamnong'oneza mpiga kamera, "Usizime. Hii ndiyo yenyewe." Na kweli ilikuwa ndiyo yenyewe, ningeandika miaka kumi nisiipate. Mkanda ule ungenifikisha mbali, na nilijua. Nikamtazama Mama Masanja, kanga imemvuka kichwani, kamasi zinamtoka, hana habari kama yupo anayemwangalia. Nikavua mtandio wangu nikaifunika kamera.

"Mwalimu, ukifunika hapo, picha yako imekufa," yule bwana akaniambia.

"Basi itapata wa kuilia," nikamjibu. Mdomo wangu nao haujawahi kunisikiliza.

Yule bwana na watu wake wakarudi Mpanda, kesho yake wakapanda treni na vyombo vyao. Picha ile haikutengenezwa. Baadaye niliandika nyingine tatu. Moja ilitoka, nikaitazama kwenye banda la video hapa mjini, na waliokaa benchi la mbele walisinzia. Sikuwalaumu. Ya kwanza ndiyo iliyokuwa na roho, na mpaka leo nikiikumbuka moyo unaniuma. Nikikuambia sijuti nitakuwa nakudanganya, na uzee huu siyo wa kudanganya watoto.

Ila wiki ile ile mume wa Mama Masanja alinyoa nywele, kama anyoavyo mfiwa. Alinyoa, akakaa nje kwenye mkeka, na wazee wakaenda kumpa pole ya mwanawe.

Sasa nasaha yangu ndiyo hii. Andika, mwanangu, andika sana, wala usiogope msiba wala aibu za watu, maana hadithi zinatoka huko huko. Lakini machozi ya mtu yana mwenyewe. Kabla hujamwelekezea simu, muulize. Akishindwa kujibu kwa sababu ya kulia, basi amekwisha kukujibu. Tia simu mfukoni ukae naye chini. Utapoteza kitu, tena pengine kile kile ulichokitafuta maisha yako yote, na hakuna atakayekupigia makofi. Kipoteze tu.

Nenda, Mungu akupe mkono mwepesi wa kuandika. Na siku yako ya kulia, maana kila mtu anayo yake, akuletee watu wa kukaa na wewe, asikuletee wa kukutazama.