Dobi wa Watamu na Njia Panda Kumi na Moja

Saa kumi na mbili asubuhi haijatimia, na Mwambire Kalama amekwisha kutoa salamu mara tisa. Yuko mbele, mwepesi wa mguu, na nyuma yake wanahema wageni sita wa hoteli moja ya Watamu, kila mmoja mwekundu kuliko mwenzake. Kushoto kwao ni ukuta wa nje wa magofu ya Gede, umeshikwa na mizizi kila upande. Mbele kidogo njia inaingia msitu wa Sokoke.

Bibi mmoja anatokea na ndoo kichwani. Mwambire anapunguza mwendo.

"Shikamoo, hawe," anamwamkia, akimwita nyanya kwa Kigiriama.

"Marahaba, mwanangu. Na hao wako je, hawana midomo?"

Wageni sita wanaitikia kwa pamoja, "Shikamoo!" Bibi anacheka hadi maji yanamwagika begani, kisha anaendelea na safari yake.

"Hapa kwetu humpiti mtu kama unavyoupita mti," anasema Mwambire. "Mgeni akitaka kukimbia nami, namfundisha shikamoo kwanza. Habari za viatu baadaye."

Mwambire ana umri wa miaka thelathini na sita, mke mmoja na watoto wanne. Kazi yake ni kuwaongoza wageni katika njia ya kilomita kumi na saba, kutoka lango la hoteli, kupita magofu, kuzunguka ndani ya msitu na kurudi. Mwaka huu wa 1988 ni wa pili tangu aandikwe kazi ya kudumu, na hajaacha kushukuru. Ukimuuliza anamshukuru nani, atamtaja Mungu, kisha atataja wanawake wa kijiji kilicho nyuma ya magofu.

"Hoteli ilitia sahihi tu," anasema. "Kazi nilipewa na kina mama. Na wakati huo nilikuwa nimewakosea vibaya."

Alizaliwa Ganda, kwa wakulima wa mahindi na mihogo, akaoa na kuhamia karibu na Gede. Hotelini aliingia kama kibarua wa dobi, kwa shilingi ishirini na nane kwa siku. Nauli ya kwenda na kurudi ingekula sehemu nzuri ya fedha hizo, basi akawa anakimbia. Kilomita sita asubuhi, sita jioni, katikati akifua mashuka ya watu waliolala hadi saa nne.

Wageni walimwona akifika na jasho, wakaanza kumfuata. Jambo hilo halikumpita Bwana Phineas, msimamizi wa burudani za hoteli, mtu wa bara mwenye macho ya kuona fursa hata gizani. Mwezi Agosti 1986 aliamua kuandaa mbio za wageni, na akamtaka Mwambire atengeneze njia.

"Aliniambia, mbio zikienda sawa utaandikwa," Mwambire anakumbuka. "Mgeni mmoja akipotea msituni, usirudi hata kuchukua sabuni yako."

Msitu wenyewe si wa mchezo. Una ndovu, una vijia vinavyofanana kama watoto wa mama mmoja, na mwenyeji mwenyewe akizubaa hupotea. Mwambire aliazima baiskeli ya Mbaruk, muuza samaki, akafunga uzi kwenye gurudumu ili ahesabu mizunguko na kuipima njia. Mara tatu hesabu ilimpotea, kwa sababu kila alipofika mia mbili au mia tatu alikutana na mtu wa kumuuliza habari za nyumbani, na habari za nyumbani hazijibiwi kwa neno moja. Mara ya nne alitoka jua likiwa kali, watu wamejificha majumbani, ndipo akamaliza.

Ikabaki kuweka alama. Hapo ndipo alipokosea.

Dobini kulikuwa na mashuka meupe yaliyochakaa na vitambaa vyekundu vya meza vilivyotobolewa na sigara. Aliomba ruhusa, akavichana vipande vipande. Cheupe, mgeni akate kulia. Chekundu, akate kushoto. Siku ya Jumatano alivifunga mitini, sitini na viwili kwa jumla, akarudi nyumbani akijisifu moyoni.

Msomaji wa Pwani amekwisha kushika kichwa. Nguo nyeupe na nyekundu zilizofungwa mtini, karibu na magofu ya kale, si alama ya njia. Ni nguo za mizimu. Hufungwa na mganga kwa haja maalumu, na mtu mwenye akili zake hazigusi wala hapiti chini yake.

"Mimi ni Mgiriama, nayajua hayo tangu tumboni," asema Mwambire, na hata leo anajifunika uso kwa kiganja. "Lakini siku ile nilikuwa na kichwa cha dobi. Nilichoona mimi ni mashuka tu."

Wa kwanza kuviona alikuwa Kabibi, mama wa watoto watano, aliyekwenda kutafuta kuni. Aliliacha shoka pale pale akarudi mbio. Kufikia Alhamisi asubuhi hakuna mwanamke aliyethubutu kuingia msituni, na nyumba zilizoishiwa kuni zilishinda na viporo. Watu wakanong'onezana kwamba kuna aliyekifunga kijiji kizima. Akaitwa Kahonzi, mganga wa hapo, bibi mwembamba mwenye sauti kubwa, ambaye kila mtu alimshuku na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Kahonzi alikwenda, akatazama, akanusa.

"Nilisema mimi hufunga fundo moja," anaeleza bibi huyo, akiwa kibarazani kwake. "Hivi vina mafundo mawili. Tena vinanuka sabuni. Mizimu gani hiyo inayofuliwa?"

Kijijini aliyenuka sabuni alikuwa mmoja tu. Jioni hiyo Mwambire alisimamishwa mbele ya watu, akaeleza habari yote ya mbio na alama zake. Wengine walicheka, lakini Kabibi hakucheka. Hukumu ikatoka: avifungue vyote kwa mkono wake, mchana, watu wakimwona, na atoe kuku mmoja wa kusafisha njia.

Ijumaa akaomba ruhusa kazini, akavifungua kimoja kimoja, Kahonzi akimfuata nyuma na kuhesabu. Kitambaa cha mwisho kilipotoka, Mwambire aliketi chini. Mbio zilikuwa kesho yake.

"Hawa wageni wako wanafukuzwa na nani?" Kahonzi akamuuliza.

"Hawafukuzwi na mtu, hawe. Wanajikimbilia."

"Na wakipotea?"

"Nitakayefukuzwa ni mimi."

"Njia panda ni ngapi?" bibi akauliza.

"Kumi na moja."

Bibi alijifunga leso yake vizuri, akaenda zake.

Jumamosi wageni arobaini na mmoja walitoka langoni. Mwambire alitangulia, akijua fika kwamba wenye kasi watamwacha na wenye kuchoka hawatamwona. Alipofika njia panda ya kwanza akamkuta Kabibi, ameketi juu ya mzigo wa kuni, mkono ameunyoosha kulia.

"Pita huku," alisema Kabibi. "Na uwaambie waamkie watu."

Ya pili kulikuwa na mama mwingine. Ya tatu, mwingine. Kila panda ilikuwa na mwanamke aliyejifunga leso, na mkono ulionyooka. Ya nne mzee mmoja wa Kijerumani alijikwaa akachubuka goti, na kabla hajalalamika, mwenye panda hiyo alikuwa amekwisha kulifunga kwa upindo wa leso yake. Ya kumi na moja alikuwapo Kahonzi mwenyewe.

"Nililia nikikimbia," anasema Mwambire. "Sikuona haya. Juzi nimewanyima kuni, leo wameacha mashamba yao kwa ajili yangu."

Walitoka arobaini na mmoja, wakarudi arobaini na mmoja. Mwezi uliofuata akaandikwa. Mbio zimefanyika kila Agosti tangu hapo, na kina mama husimama kila mwaka, malipo yao yakiwa soda na mkate.

Sasa hoteli imeleta wazo jipya. Bwana Phineas anataka kupigilia vibao vya rangi kwenye njia panda zote, ili kina mama wasisumbuliwe tena. Amemwambia Mwambire achague rangi. Mwambire hajachagua.

"Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone," anasema. "Kibao kikishapigiliwa, mwenyeji apone kwa lipi? Na mgeni akianguka, kibao kitamwinua?"

Jumatatu ijayo ataingia ofisini kwa meneja, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, kuomba wanawake hao walipwe ujira wa siku kama vibarua wengine wa hoteli. Mkewe anaogopa asije akaiponza kazi yake. Mwambire mwenyewe anakiri kwamba anaogopa, lakini karatasi ameshaiandika. Ina majina kumi na moja, na la kwanza ni Kahonzi.