Majina Yasiyofika Lubumbashi

Nilikuja Kamina kwa majuma mawili, kufunga mashini moja tu na kurudi Kinshasa kwa mke wangu. Vita vikanikuta humo humo. Treni ikalala stesheni, barabara ya Bukama ikajaa vizuizi, uwanja wa ndege ukawa wa askari peke yao. Majuma mawili yakawa mwaka na nusu. Sikununua hata sufuria. Saa yangu ya mkono niliiacha kwenye majira ya Kinshasa, yaliyo nyuma ya Kamina kwa saa moja, maana kuirekebisha kungekuwa kukubali kwamba nakaa. Watu walinicheka. Wacheke!

Ofisi yetu iliandika majina ya waliokimbia vita na ya ndugu wanaowatafuta. Majina yaliingia kwenye mashini ile, kompyuta ya Linux, na nakala ikapaswa kwenda Lubumbashi, ambako waliyalinganisha na orodha ya watoto waliookotwa bila wazazi. Nakala kamili iliondoka na ndege ya mwisho. Tangu hapo tulituma kwa foni, ile redio ya masafa marefu, yale tu yaliyoongezeka tangu nakala iliyotangulia, kwa sababu foni ilimeza polepole kama mtoto anayelishwa uji wa moto.

Mlangoni alikuwepo kila siku mama mmoja wa Malemba-Nkulu. Binti yake wa miaka tisa alimponyoka Bukama, watu walipokuwa wakigombania mitumbwi. Miezi mitano aliuliza swali lile lile, nami nikajibu lile lile: bado. Siku nyingine nilimjibu vibaya. Kumwona mtu mwingine aliyekwama kama mimi kulinichosha roho.

Ndipo Lubumbashi wakatuarifu kwamba majina yao ni machache kuliko yetu. Nikamrukia mwenzangu wa foni, mtu mpole, nikamwambia anakata kazi katikati ili awahi kwake. Hakubishana. Alituma upya, tukalinganisha: kilichotoka huku kilifika kule kizima. Nikabadilisha waya, nikapima diski, nikaandika upya programu ya kunakili. Wapi! Kila juma tofauti iliongezeka.

Mwishowe nilifanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Niliwaomba watusomee majina yao ya juma moja, sisi tukipiga alama kwenye daftari. Yaliyokosekana yote yalikuwa yameandikwa mara tu baada ya mapumziko ya mchana. Yale tu, siku zote.

Betri ndogo ya ndani ya mashini, ile inayotunza saa, ilikufa zamani, kwa hiyo kila ilipowashwa tuliipa saa wenyewe. Asubuhi aliiwasha mwenzangu, kwa saa ya Kamina. Saa sita mchana ilitengeneza nakala, tukazima jenereta ipoe kwa nusu saa, kisha nikaiwasha mimi, kwa saa ya mkononi mwangu. Mashini ikaamini ni saa tano na nusu. Majina yaliyoingia nusu saa iliyofuata yakaonekana ya zamani kuliko nakala iliyokwisha kutengenezwa, ikayaruka, na kesho yake pia ikayaruka. Na nani huandikishwa wa kwanza baada ya mapumziko? Ni yule aliyebaki mlangoni wakati sisi tunakula.

Jina la mama yule lilikuwa mojawapo. Nilivua saa, nikamwomba mwenzangu radhi, na kwa siku tatu tukatuma yote yaliyorukwa.

Jibu lilikuja juma lililofuata. Binti yupo, mzima, kwa masista, kwa miezi minne sasa. Kila Jumamosi watoto walisomewa majina ya wanaotafutwa. Yeye siku hizi haendi tena kusikiliza.

Nilimwita mama ofisini, nikampa kiti, nikamwambia mtoto amepatikana. Alicheka na kulia kwa pamoja. Kisha akafuta macho, akaniuliza:

“Iko kule tangu lini?”

Nikamwambia miezi minne. Alikunja vidole kimoja kimoja.

“Na minyi nilikuwa hapa, kila siku.”

“Ndiyo, mama.”

Nilitaka kumwambia habari ya saa yangu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, naapa. Nikasema mashini iliharibika.

Akaitazama pale mezani, kisha akanitazama mimi kwa huruma, mimi!

“Mashini iko chuma tu, haina roho. Ni weye njo ulihangaika, papa. Aksanti.”

Treni bado hazikwenda, hakuweza kumfuata mtoto wake, wala mimi mke wangu. Kesho yake alirudi na kuku. Sijui alimtoa wapi. Miezi yote ile nilimwona akila sombe tupu, majani ya muhogo. Nilimpokea kuku kwa mikono miwili, na jioni ile nikamla.