Niliwacheka Wachezaji Wetu Mpaka Jukwaa Likabaki Tupu

Nimekosa, na sikukosa kwa bahati mbaya. Nilikosa huku nacheka, tena kwa sauti!

Hapa Durban, ukiwauliza waliokuwa mashabiki wa timu ya chuo chetu kwa nini waliacha kuja uwanjani, kila mmoja ana jibu lake. Wa kwanza atasema jua. Wa pili atasema ligi za Ulaya kwenye televisheni. Wa tatu atasema timu ilikuwa mbovu, na hapo sibishi sana, maana ilikuwa mbovu kweli! Lakini ilipokuwa mbovu, watu walikuwa wanajaa. Nilikuwepo.

Aliyewafukuza ni mimi. Mimi na mdomo wangu huu.

Mimi ni msichana wa Kigoma. Nilikuja huku kusomea mambo ya utalii kwenye chuo kimoja pale Berea. Jina la chuo nalimeza, na langu pia, kwa sababu wako wanaonitafuta wanizabe makofi.

Zamani Jumamosi ilikuwa sikukuu jamani! Wakongomani walikuja na filimbi. Sisi Watanzania tulikuwa na ngoma moja iliyotoboka upande, na mpigaji alikuwa mimi. Wazulu walileta vuvuzela. Mama mmoja aliuza magwinya, yale maandazi makubwa ya huku, na mafuta yake yalitudondokea kwenye jezi tusijali. Tukifungwa matano, tunaimba. Wiki inayofuata tukifungwa manne, tunaimba zaidi, maana tumepata nafuu! Wazee wa Morningside, mtaa wa jirani, waliopita na mbwa wao walitutazama kama watu tuliotoroka mahali.

Sasa, rafiki yangu Furaha, Mkongomani ninayekaa naye chumba kimoja, alikuwa anasuka nywele kwenye saluni mjini. Jumamosi ndiyo siku vichwa vinapopanga foleni. Akaniambia, "Ndugu yangu, mimi nakosa mechi kila mara. Unitumie live kwa telephone, nisikilize nikiwa nasuka."

Nikamrushia kupitia ukurasa wangu wa mtandaoni. Hilo halikuwa kosa. Kumrushia mechi mtu aliye kazini ni wema.

Kosa lilianza nilipoona kimya kinachosha, nikaanza kutangaza.

Golikipa wetu nikampa jina la Pazia, kwa sababu mpira ulimpita kama upepo unavyopita dirishani. Mshambuliaji nikamwita Robot. Huku taa za barabarani wanaziita robot, na yeye akipata mpira mbele ya goli alikuwa anasimama kama amewashiwa nyekundu! Kocha wetu, Papa Ilunga, mzee mpole wa Kikongomani, nikamwita Mchungaji, kwa vile kazi yake pembeni ya uwanja ilikuwa kukunja mikono na kuangalia mbinguni.

Saluni nzima ikacheka. Wiki iliyofuata saluni ya jirani ikajiunga. Halafu vibanda vya simu. Halafu watu wa Lubumbashi, Bujumbura na kwetu Kigoma, ambao hata hawajui Berea ni mtaa au ni dawa ya mafua. Mioyo myekundu inapanda kwenye kioo cha simu kama povu la sabuni. Mimi nani tena? Nikaiacha ngoma chini ya kitanda. Huwezi kushika simu na kupiga ngoma, mikono ni miwili.

Kisha watu wakaanza kupungua jukwaani.

Nikikutana nao wakati wa chakula cha mchana wananipigia saluti. "Dada, ulituua Jumamosi!" Nawauliza mbona hawakuja. "Nije kufanya nini juani? Unatuletea mpaka kitandani, na vichekesho juu!"

Nikachukulia ni sifa. Mjinga mimi!

Ikafika Jumamosi ambayo Furaha alipewa mapumziko. Nikajua leo tutakwenda wote. Nikamkuta amejifunika blanketi, simu ameiegemeza kwenye kikombe. "Mi nabaki," akasema. "Uwanjani hata sisikii ile unasema." Yule mama wa magwinya alikaa na beseni lake mpaka mapumziko, akauza mawili, yote kwa mwamuzi. Hatukumwona tena.

Sasa niwaambie habari za Dieudonné, na hapa nisameheni nikishindwa kucheka.

Dieudonné alikuwa winga wetu wa kulia. Alisoma na sisi, na siku asizokuwa na vipindi alikuwa kinyozi mjini. Kijana wa Bukavu, miguu kama vijiti vya mishikaki, mbio kama za mwizi. Sikumpa jina la utani. Nilikuwa nampenda, na yeye alikuwa ananipenda, na tulikuwa kwenye ile hatua ambayo kila mmoja anajifanya alikuwa anapita tu.

Siku moja baada ya mazoezi alinisubiri getini.

"Unajua Pazia alilia?" akaniambia. "Mdogo wake amemwita vile nyumbani. Pazia. Mbele ya baba yao."

"Si adake mipira basi!"

Hakucheka. "Vraiment, kweli kabisa, unaona uwanja? Hakuna mtu. Watu wote wako ndani ya telephone yako. Zamani nikikimbia kule kwa kona, nasikia makelele, nasahau kama nimechoka. Sasa nasikia tu viatu yangu."

"Fungeni mabao, watarudi."

Akanitazama hivi. "Mi sikuombi uache. Nakuomba utupende kidogo."

Nikamwambia sawa. Kumbe sawa yangu ilikuwa ya mdomoni tu.

Basi ikaja mechi ya kuamua kama tutaingia nusu fainali. Mechi kubwa kuliko zote tulizowahi kucheza! Jukwaani tulikuwa watu tisa. Saba kati yetu walikuwa mashabiki wa timu ngeni, wa nane mlinzi wa chuo aliyekuwa amelala, wa tisa mimi. Lakini kwenye simu, eish! Walikuwa hawajawahi kuwa wengi vile. Nilikuwa nimesimama karibu kabisa na mstari ili niwape picha nzuri.

Kipindi cha pili Dieudonné akachukua mpira, akamtoka mmoja, akamtoka wa pili, beki wa tatu akaja na miguu yote miwili. Nikasikia mlio kama wa kijiti kinachovunjika. Akaanguka hatua kumi kutoka niliposimama.

Na mimi, bila hata kufikiri, nikaropoka, "Jamani, kijana amelala! Mleteeni mto! Kumbe Bukavu wanafundishwa na kuigiza!"

Mioyo ikapanda. Vicheko vikamiminika. Nikasogeza picha karibu.

Papa Ilunga akakimbilia uwanjani, akainama, akanigeukia mimi. Simu yake ilikuwa imezima, na za wachezaji zilikuwa zimefungiwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

"Binti! Ita ambulance! Telephone iko mkononi yako!"

Na mimi nilifanya nini? Nilimwinulia kidole kimoja. Kile cha kusema subiri kidogo.

Nikipiga simu, matangazo yanakatika! Ndicho nilichowaza. Naandika hapa na aibu inanipanda mpaka masikioni. Nikaendelea kuchukua picha, nadhani dakika nzima, Papa Ilunga ananiita, mimi namwonyesha kidole. Enzi za ngoma watu wangemwagika uwanjani, mmoja na gari lake, mwingine na maji, mwingine na dua. Siku ile alikuwepo mtu mmoja wa kwetu tu mwenye simu, na mtu huyo alikuwa anatafuta vicheko.

Halafu Papa Ilunga akasogea pembeni, nikauona mguu. Sitaueleza. Mguu wa mtu haupindi pale.

Hapo hapo ujumbe ukapita kwenye kioo. Ulitoka kwa mtu aliyejiita Maman D, ambaye kila Jumamosi alikuwa anatuma mioyo na sikuwahi kujiuliza ni nani. Aliandika hivi: "Mimi ni mama yake. Binti, acha kucheka, mwitie mwanangu daktari."

Simu ikaniponyoka. Aliyepiga simu ya ambulance mwishowe ni dereva wa basi la wageni.

Hospitali nilikwenda siku ya tatu, baada ya Dieudonné kufanyiwa upasuaji. Nilibeba juisi kama mjinga.

"Ulikuwa karibu," Dieudonné aliniambia. Hakunigombeza, na ingekuwa heri angenigombeza. "Nilikuwa nakuangalia wewe. Si kocha, wewe. Nikasema, sasa anakuja. Halafu nikaona kidole."

"Nisamehe."

"Maumivu itapita. Kile kidole ndiyo sijui."

Akageukia ukutani. Nikaiacha juisi, nikaondoka.

Nilimpigia mama yake Bukavu, baada ya kuahirisha siku nyingi sana. Nililia kabla hajasema neno. Aliningoja nimalize, kisha akasema, "Mwanangu, mi sina namna ya kufika Durban. Nilikuwa namtazama mtoto yangu kwa macho yako. Nilikuwa nakushukuru kwa Mungu kila Jumamosi, hata ukisema upuuzi. Siku ile macho yako ilikuwa inacheka na yeye anavunjika. Nimekusamehe. Lakini usinipigie tena."

Hivyo ndivyo nilivyosamehewa. Kuna msamaha unaouma kuliko kofi!

Furaha nilimkuta amekaa kitandani, macho mekundu. Nikategemea atanisema. Akaniambia tu, "Na mimi nilicheka. Ile ya mto. Nilicheka sana."

Msimu ulipokwisha chuo kikaifuta timu. Barua yao ilikuwa fupi: mechi hazina watazamaji, hakuna sababu ya kuendelea. Pazia sasa hachezi popote. Papa Ilunga tukikutana mjini ananisalimia vizuri, maana ni mtu wa adabu, ila anavuka barabara haraka. Dieudonné anatembea, ashukuriwe Mungu, lakini ananyoa akiwa amekaa kwenye kiti kirefu, na zile mbio za mwizi hazipo tena. Kuhusu mimi na yeye, hakuna mimi na yeye.

Ule ukurasa wangu niliufuta. Watu waliniandikia kuniuliza burudani imeenda wapi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza timu imeenda wapi.

Jumamosi iliyopita nilijikokota mpaka uwanja wa chuo kingine, huko chini mjini. Sikuwajua wachezaji wala nani anafunga nani. Tulikuwa kama kumi hivi. Mbele yangu kulikuwa na binti ameinua simu, anawatangaza wachezaji wao, anawaita majina, anacheka mpaka mabega yanatikisika. Mzuri kweli, alinishinda! Nikamgusa bega. "Dada, iweke chini kidogo, uwapigie makofi. Wanakusikia hao."

Akageuza simu akanilenga usoni. "Jamani, mwoneni huyu bibi wa makofi! Katokea wapi huyu?"

Nikaiona mioyo inapanda kwenye kioo chake, mimi nikiwa katikati na mdomo wazi. Basi wacha wanicheke. Nilikuwa na deni la kuchekwa. Nikasogea mbele mpaka kwenye mstari nikapiga makofi peke yangu mpaka viganja vikaniwaka moto, na winga mmoja akageuka kutazama kama nimechanganyikiwa.

Nyie mnaonisoma mmejilaza, mechi ya vijana wenu ikiwa inachezwa hapo hapo mtaani, nawaomba msiwe mimi. Inukeni. Vaeni viatu, mwende. Timu ikicheza ovyo itukane, ruhusa! Lakini itukane ukiwa pale pale jukwaani, usoni mwake, iweze kukujibu. Na mtu akianguka, usiinue simu wala kidole. Shuka umfuate.